Mbuzi Aliyevuka Mto wa Waziri

Usiitafute nchi hii kwenye ramani. Iko pale ramani ilipokunjwa, na kila anayeikunjua huona mstari mweupe uliochakaa tu. Wenyewe tunaiita Mashamsham. Tuna milima, tuna bendera ya rangi saba, na tuna wizara thelathini na nne. Mojawapo ni Wizara ya Burudani na Nidhamu, nayo ndiyo iliyonipa kibali cha kuwa na maoni.

Kwetu mtu yeyote anaruhusiwa kutazama filamu. Haki hiyo imo ndani ya Katiba, ukurasa wa mwisho, chini ya jina la mpiga chapa. Lakini kuwa na maoni juu ya filamu ni kazi ya kitaalamu, kama kung'oa meno, na Serikali haiwezi kumwachia kila mtu koleo. Kwa hiyo Wizara ilitangaza mtihani. Katika mji wetu wa Gogoni walijitokeza watu mia mbili na kumi na wawili, wakiwemo walimu na mganga mkuu wa wilaya. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, kwenye madarasa ya ngumbaru, jioni baada ya zamu ya kiwanda cha magunia, na tangu siku hiyo sijaruhusu karatasi yenye maandishi inipite bila kuisoma. Mtihani ulikuwa na swali moja: "Je, una maoni?" Wenzangu wote waliandika "Ndiyo." Mimi niliandika, "Nitakuwa nayo nitakapopewa." Nikafaulu peke yangu.

Hivyo ndivyo mimi, Chande Likolo, nilivyopata kuwa Mtoa Maoni Daraja la Tatu, mwenye haki ya kutumia maneno kumi na tano kwa kila filamu. Na sheria inasema kwamba filamu ni kile alichosema mwenye kibali. Nikiandika kuwa inahuzunisha, basi inahuzunisha, hata kama ni ya karate.

Nawahakikishia, maneno kumi na tano kwa filamu za siku hizi ni mengi.

Chukueni ile kubwa iliyojaza Ukumbi wa Jitihada wiki tatu mfululizo, Kishindo Sehemu ya Sita. Shujaa anaendesha gari kutoka dirisha la jengo moja hadi dirisha la jengo jingine, kisha anashuka na kufunga mlango kwa ufunguo, kama mtu aliyefika msibani. Dunia nzima inataka kuangamia, lakini inaangamia katika mji mmoja tu, ule wenye majengo marefu. Sijawahi kuona dunia ikiangamia huku kwetu. Nadhani wanaamini tulishatangulia. Niliandika: "Magari arobaini yamelipuka. Hadithi haikuwemo katika hata moja. Shujaa ana meno mazuri. Nimetoka na njaa."

Zile za majonzi ndizo zinazoniudhi zaidi, kwa sababu zinatengenezwa hapahapa na watu ninaowajua. Machozi ya Sebuleni, kwa mfano. Watu sita wanakaa kwenye makochi ambayo bado yana nailoni ya dukani, wanalia kwa zamu. Binti maskini, yatima, asiye na chakula, anaamka asubuhi kapaka wanja na kucha zake ndefu kama vijiti vya kufumia. Sehemu ya kwanza inaisha mlango ukibishwa hodi. Sehemu ya pili inaanza na mlango uleule. Tuko sehemu ya nne sasa na bado hatujajua ni nani aliyebisha. Nikaandika: "Wote wanalia, hakuna anayefanya kazi. Maskini ana kucha ndefu. Maiti anapumua. Daktari hakuonekana kujali hilo."

Filamu zenyewe, basi, hazikuwa na thamani ya kutoka nyumbani. Watu wa Gogoni walikuja kwa ajili ya Bi Saumu.

Bi Saumu Ndenge alikuwa mtafsiri wa ukumbi. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kigoda kando ya pazia la filamu, kipaza sauti mkononi, akitutafsiria kila kilichosemwa. Alikuwa na sauti ya jambazi, sauti ya bibi harusi, sauti ya mbwa wa polisi. Na pale alipoona inafaa, aliongeza la kwake. "Msimwamini huyu anayechumbia," angesema, "nimemwona kwenye filamu ya juzi, ana mke na watoto wawili." Kwetu mtu hasemi amekwenda kutazama filamu. Anasema amekwenda kwa Bi Saumu.

Sasa, Waziri wetu wa Burudani na Nidhamu, Mheshimiwa Dakta Injinia Gaspari Lung'wecha, aliona kwamba taifa halina filamu yake kubwa. Akaitunga, akaiongoza, na baada ya kutafuta nchi nzima kijana wa miaka ishirini na minne wa kuigiza shujaa, akajiteua mwenyewe, akiwa na miaka sitini na mmoja. Iliitwa Daraja la Milele. Ilihusu kijana aliyejenga daraja peke yake kwa usiku mmoja ili kuliokoa taifa. Waigizaji wote walizungumza Kiingereza, kwa sababu tuzo za dunia hutolewa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyeelewa mwenzake.

Tafsiri rasmi iliandikwa na Wizara, kurasa mia moja na tisa. Ikapelekwa kwenye Kamati ya Usafi wa Maneno ili yaondolewe yote yanayoweza kuleta fikra. Iliporudi ilikuwa na mstari mmoja: "Asante, Mheshimiwa."

Nilikuwepo Afisa Dege alipomkabidhi Bi Saumu karatasi ile. Huyu Afisa Dege ni Mkaguzi wa Leso wa wilaya. Ukutani mwa kila ukumbi wetu pana taa nyekundu, na ikiwaka, hadhira inatakiwa kulia. Mlangoni wakati wa kutoka, Afisa Dege huzikamua leso, na mwenye leso kavu huandikwa jina. Ndiyo maana bomba la maji lililo nje ya ukumbi lina foleni ndefu kuliko dirisha la tiketi.

"Nisome mstari huu mmoja," Bi Saumu aliuliza, "kwa saa mbili na nusu?"

"Kwa hisia," alisema Afisa Dege.

"Na mama mtu akifa?"

"Hapo utasoma polepole."

Siku ya uzinduzi, saa nane mchana, ukumbi ulifurika. Waziri hakuwepo. Alikuwa mji mkuu akipokea tuzo ya filamu hiyo kutoka kwa Wizara yake. Bi Saumu alianza vizuri kabisa. Kijana wa miaka sitini na mmoja alitokea, tumbo mbele, na Bi Saumu akasema, "Asante, Mheshimiwa." Akatokea mama yake, ambaye ni mke wa tatu wa Waziri, mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyepakwa unga kichwani. "Asante, Mheshimiwa," akasema mama. Jambazi akatoa kisu. "Asante, Mheshimiwa."

Dakika kumi zikapita hivyo. Kisha sauti ikatoka viti vya nyuma, "Bi Saumu, mama yangu, hapo anasemaje?"

"Anashukuru," alijibu.

"Jambazi naye?"

"Wote wanashukuru."

"Ah, Bi Saumu! Tumekuja kusikia hadithi, hatukuja kwenye mkutano wa hadhara! Kama huruhusiwi kutuambia wanachosema, tuambie basi wanachofanya!"

Ukumbi ukaunga mkono kwa kupiga miguu chini. Bi Saumu alikikunja kile kikaratasi, akakiweka chini ya kigoda. Kosa lake lote ni hilo. Mtafsiri wa Gogoni hawezi kukaa kimya watu wakimwuliza kuna nini.

"Haya," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kijana anataka kupanda farasi. Farasi hataki. Farasi anamwangalia kwanza. Sasa wameleta ngazi. Watu wawili wanamsukuma kwa nyuma. Mmoja amefunga macho. Amepanda. Farasi amekaa chini."

Watu wakaanza kuguna.

"Huu ni mto wenye kina kirefu, umemeza watu mia moja, mama anaulilia. Mto umechorwa kwenye shuka. Upepo unavuma, mto unakunjamana. Kijana anasimama ukingoni, anaogopa maji. Nyuma yake anapita mbuzi. Mbuzi anavuka mto. Mbuzi amefika ng'ambo. Mbuzi hajalowa."

Taa nyekundu ikawaka wakati uleule, maana hapo ndipo mama alipokuwa akifa. Watu mia tatu wakacheka. Walicheka wakashikana mabega, walicheka wakateleza chini ya viti. Kila Bi Saumu alipojaribu kuendelea, mtu alipaza sauti, "Mbuzi yuko wapi sasa?" naye, kwa kuwa hadanganyi hadhira, alijibu, "Amerudi. Anakula daraja."

Mlangoni Afisa Dege alizikamua leso, zote zikatoa maji. Hakujua afanye nini. Katika taarifa yake, ambayo niliiona baadaye, aliandika: "Machozi yapo ya kutosha, ila yametoka upande usiofaa."

Nami nilijaza fomu yangu palepale, maneno kumi na tano: "Mbuzi ndiye mwigizaji pekee aliyejua aendako. Watu walicheka. Filamu haikukusudia. Mtafsiri amesema kilichokuwepo, wala hakuzidisha."

Nilidhani nimemtetea.

Kesho yake saa tisa alasiri walikuja kumchukua Bi Saumu. Kipaza sauti kilitiwa ndani ya bahasha na kuandikwa Kielelezo A. Shtaka lilikuwa "kutafsiri kwa namna inayoeleweka," na adhabu yake ni miaka saba katika Chuo cha Ukimya. Chuo hicho hakina viboko wala minyororo, msikisingizie. Wanafunzi wanafundishwa kunyamaza tu, wanafanya mitihani, na wanaohitimu wanapewa cheti. Mtafsiri wa ukumbi wa ng'ambo ya reli alihitimu mwaka juzi. Ukimsalimu anainamisha kichwa. Dukani ananunua chumvi kwa kuinyooshea kidole. Mkewe anasema hata ndotoni haongei.

Siku ya nne niliitwa mji mkuu kwa Waziri.

"Karibu, Mzee Likolo, karibu sana," alisema. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha yake akiwa juu ya farasi, na ngazi imefutwa. "Nimesoma maoni yako. Yale maneno sita ya kwanza nimeyapenda. Mbuzi yule nilimchagua mwenyewe."

"Nashukuru, Mheshimiwa."

"Tatizo liko hapa: 'Filamu haikukusudia.' Unaona, mzee wangu, jana Kamati ilikaa kusikiliza kesi ya yule mama. Ili kuthibitisha kwamba alipotosha, wakaitazama filamu bila sauti na bila mtafsiri. Mwenyekiti alianguka kutoka kitini."

"Kwa uchungu, Mheshimiwa?"

"Si kwa uchungu. Wajumbe wote tisa wamecheka chini ya taa nyekundu, na sheria ni msumeno. Lakini hatuwezi kuwapeleka wote Chuo cha Ukimya. Nani atahutubia? Kwa hiyo wanasheria wetu wamekesha, wakagundua kwamba filamu hii tangu mwanzo ilikuwa kichekesho. Kama ilikusudiwa kuchekesha, hakuna kosa. Kamati haina kosa, umma hauna kosa, na yule mama hana kosa, ameitumikia filamu. Kama haikukusudiwa, basi nitaanza na yeye, kwa kuwa wajumbe wana kinga."

"Si useme tu wewe, Mheshimiwa, kwamba ulikusudia?"

"Nitasemaje? Mimi sina kibali cha maoni. Filamu ni kile alichosema mwenye kibali, na Gogoni ilikozinduliwa mwenye kibali ni wewe. Badilisha neno moja. Moja tu! Badala ya 'haikukusudia' uandike 'ilikusudia.' Nami nitakupandisha hadi Daraja la Kwanza, maneno mia moja na kiti chenye mto."

Niliomba nimwone kwanza mshtakiwa. Alikuwa kwenye benchi la korido, mlinzi kando yake, kitenge kimefungwa vizuri kana kwamba yuko safarini.

"Shikamoo, Mzee Likolo."

"Marahaba, Bi Saumu. Umeambiwa?"

"Nimeambiwa. Usibadilishe." Alisema kwa sauti ndogo, lakini kwa ukali. "Nilisema mbuzi hajalowa kwa sababu hajalowa. Ukiandika kwamba yule mtu alikusudia, utakuwa umemfanya mwenye akili. Wewe! Uliyeiandikia Kishindo kwamba haina hadithi!"

"Ni miaka saba, Bi Saumu."

"Nitaihesabu."

"Utaihesabu kimoyomoyo."

Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani, na nilipoutazama niliona vidole vimekunjwa kuzunguka kitu ambacho hakikuwepo. Mara kwa mara uliinuka kidogo kuelekea mdomoni, kisha ukashuka. Ukainuka tena. Yeye mwenyewe alikuwa akiniangalia usoni. Nadhani hakuwa na habari na mkono ule.

Nina miaka sabini na minne. Tangu nilipojua kusoma sijawahi kutia sahihi jambo nisiloliamini, na nilikuwa na fahari nalo kuliko wenzangu wanavyojivunia nyumba za ghorofa. Nikarudi ofisini. Waziri alinipa kalamu yake. Nikakata neno moja, nikaandika jingine.

Bi Saumu aliachiwa jioni ileile pamoja na bahasha yake. Katika basi la kurudi hakusema nami mpaka tulipopita daraja la Gogoni, lile la kweli, ambalo limevunjika upande mmoja tangu mwaka wa mafuriko.

"Ungeniacha niende," alisema. "Miaka saba ingeisha. Filamu hii haitaisha."

Alisema kweli. Wiki iliyofuata lilitoka agizo kwamba Daraja la Milele itaonyeshwa kila siku katika kila ukumbi bila kikomo, na kwamba wananchi watacheka. Taa nyekundu ziling'olewa, zikawekwa za manjano. Afisa Dege alibadilishiwa cheo akawa Mkaguzi wa Mbavu. Waziri alipewa nishani ya Mchekeshaji wa Taifa, akalia kwa furaha akiipokea, na gazeti la Serikali likaeleza kwamba kulia huko nako kulikuwa kichekesho. Mabango yakabandikwa nchi nzima, na chini ya tumbo la Waziri kwa herufi kubwa: "FILAMU ILIKUSUDIA. — Mzee Chande Likolo, Mtoa Maoni Daraja la Kwanza."

Gogoni nako midomo haikulala.

"Mzee Likolo," kinyozi wangu aliniuliza, wembe shingoni mwangu, "ni wewe kweli uliyesema yule bwana alikusudia kupanda farasi kwa ngazi?"

"Ni mimi."

"Na farasi kukaa chini, alikusudia?"

"Kila kitu kilikusudiwa."

"Si mnaona!" aliwaambia waliokuwa wakingoja zamu. "Huyu alisoma jioni, ndiyo maana mchana haoni."

Wakacheka vizuri sana, bila taa. Sikuwaeleza. Jalada la Bi Saumu halijafungwa. Limewekwa tu juu ya kabati, na kwenye barua yangu ya kupandishwa cheo pana sentensi moja niliyoisoma mara tatu: iwapo Mtoa Maoni ataonyesha kwa neno, kwa uso au kwa ukimya kwamba filamu haikukusudiwa, shauri litaanza upya.

Cheo kipya kina wajibu. Mwenye Daraja la Kwanza hukaa mbele, kwenye kiti chenye mto, na hucheka wa kwanza ili wananchi wajue mahali penyewe. Wiki za mwanzo hapakuwa na taabu, nilikuwa na wenzangu. Kufikia mwezi wa tatu watu walikuwa wanaletwa kwa zamu za mitaa, wanaingia kama wanaoingia kupima malaria. Hakuna anayeuliza chochote. Bi Saumu hutafsiri kwa uaminifu uleule, maana hajui kufanya vinginevyo, lakini husimulia kama mtu anayesoma majina ya waliokosa shule.

Alhamisi iliyopita Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe. Alikaa nyuma yangu, nishani kifuani, na nilimsikia akipumua. Afisa Dege alisimama kando ya ukuta, akiwa na jalada la kijani kwapani. Nilisoma jina lililo juu yake kutoka pale nilipokaa. Lilikuwa si langu.

Filamu ikafika mtoni. Shuka likakunjamana. Taa ya manjano ikawaka.

"Mbuzi anavuka," alisema Bi Saumu. "Mbuzi amefika ng'ambo. Mbuzi hajalowa."

Hakuna aliyecheka. Watu mia tatu walikaa wakitazama mbele. Waziri aliegemea mbele mpaka nikahisi joto lake shingoni. Afisa Dege alilishusha jalada kutoka kwapani, akaanza kulifungua kamba. Bi Saumu aligeuka kwenye kigoda chake. Kipaza sauti kilikuwa mkononi, karibu na mdomo, vidole vimekishika sawasawa, na macho yake yalikuwa kwangu. Akatikisa kichwa kidogo, mara moja: usicheke.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti kubwa, peke yangu, mpaka ukumbi mzima ukageuka kunitazama, na nilicheka kwa makusudi.